Je, wajua kwa nini cherero na chiriku hawapatani tundu moja?

Mfugaji ana cherero wawili, wale kasuku wadogo. Anaona tundu bado lina nafasi, anaongeza chiriku ili apate na sauti ya wimbo asubuhi. Wiki ya kwanza inapita kimya. Siku moja anaamka anamkuta chiriku amesimama kwa mguu mmoja kwenye pembe, na mguu wa pili umepungua kidole. Cherero anakula mtama wake kama kawaida. Kisa cha namna hii nimekisikia mara nyingi, na karibu kila msimulizi humalizia kwa maneno yaleyale: huyu cherero ana roho mbaya.

Hana. Tuna methali kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na tunapoitumia macho yetu huwa kwa mafahali. Kwa ndege, mimi naomba tulitazame zizi.

Cherero wa Fischer, yule wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, kwao ni kaskazini mwa Tanzania, Serengeti na maeneo ya kusini mwa Ziwa Viktoria. Wakati wa kiangazi hushuka kwenye dimbwi la maji pamoja na ndege wa kila namna. Wakigombana, mmoja anainuka anatua hatua chache pembeni, na ugomvi umekwisha. Kwa ndege, suluhu ni mbawa. Anayeshindwa huondoka, na anayeshinda akiona mwenzake ameondoka hutulia. Sasa wafungie wawili hao ndani ya waya. Chiriku anakimbia, anagonga ukuta, anarudi palepale. Kwa macho ya cherero, huyu ni mpinzani aliyekataa kuondoka, kwa hiyo anaendelea kumfukuza. Ule ugomvi ambao porini ungechukua sekunde mbili, tundu linaufanya udumu mchana kutwa.

Na nguvu zao hazilingani hata kidogo. Cherero wa Fischer ana uzito wa gramu 43 hadi 58, na chiriku wa kufugwa ni kama nusu ya hapo. Mdomo wa cherero umepinda, umeumbwa kupasua na kung'wenya. Vidole vyake viwili vinatazama mbele na viwili nyuma, kwa hiyo anapanda waya kama ngazi na kumfuata mwenzake popote. Mdomo wa chiriku kazi yake ni kumenya mbegu, na vidole vyake ni vya kushikia kijiti tu. Ndiyo maana majeraha mengi huwa miguuni: cherero hushika kilicho karibu, na kilicho karibu ni kidole.

Kuna kitu kimoja kinachomgeuza cherero mpole kuwa mkali kwa usiku mmoja, nacho ni sanduku la kutagia. Porini cherero wa Fischer hutaga kwenye mashimo ya miti, na huko Serengeti hutumia pia viota vya kwera wenye mkia wa hudhurungi. Pango zuri ni haba, na asiyelilinda hunyang'anywa. Ukining'iniza kisanduku ndani ya tundu, hasa jike huanza kulinda tundu zima. Wafugaji wengi huweka kisanduku kwa nia njema, wakidhani wanampa ndege mahali pa kulala. Kama hutaki vifaranga, kiondoe.

Pengine utasema, basi nitachanganya cherero kwa cherero, aina mbili tofauti, watafanana tabia. Hapo tatizo linageuka: watapatana kupita kiasi. Mwaka 1962 mtafiti William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alieleza alichokiona alipozalisha cherero wa Fischer na cherero mwenye uso wa waridi, ambaye kwao ni Namibia na Angola. Wa Fischer hubeba vipande vya kujengea kiota mdomoni. Yule wa uso wa waridi huvichomeka katikati ya manyoya ya kiunoni, akaruka navyo. Chotara wao alirithi mawili na asiweze hata moja. Alikata kipande, akageuza shingo kukichomeka, akashindwa kukiachia au kikaanguka, akaanza upya. Ilichukua miaka kama mitatu kuzoea kubeba kwa mdomo, na hata baada ya hapo aliendelea kugeuza kichwa nyuma kidogo kabla ya kuruka. Mimi kila nikikumbuka kisa hiki namhurumia yule ndege. Hakukosea lolote, ni sisi tuliowaweka wazazi wake pamoja. Na chotara hao hawazai. Chotara wa aina nyingine huzaa: ukienda Naivasha, Kenya, utaona makundi yaliyochanganyika ya cherero wa Fischer na wale wenye kichwa cheusi na ukosi wa njano. Wote wawili asili yao ni Tanzania, kila mmoja na eneo lake. Waliofikishwa Kenya na kuachiwa au kutoroka walikutana huko, wakazaana.

Ugomvi angalau unaonekana. Maradhi hayaonekani. Njiwa anaweza kubeba vijidudu vya trikomona kinywani na kwenye gole akiwa mzima kabisa, akaviacha kwenye chombo cha maji, na ndege mwingine anayekunywa baada yake akavimba koo na kushindwa kumeza. Homa ya kasuku, inayoletwa na bakteria aitwaye Chlamydia psittaci, hujificha ndani ya ndege anayeonekana mwenye afya na kutoka anapopata msongo, kwa mfano siku anapohamishwa nyumba. Hiyo huwapata na watu. Ilisambaa nchi kadhaa mwaka 1929 na 1930 kupitia kasuku waliouzwa kutoka Amerika Kusini. Hata vumbi lina habari yake. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo hutoa unga mweupe kwenye manyoya, na kasuku wakubwa wa Amerika Kusini wenye rangi ya buluu na dhahabu wakiuvuta siku nyingi katika chumba kisicho na hewa hupata madhara ya mapafu.

Kwa hiyo ndege mgeni asiingie moja kwa moja. Akae chumba kingine siku 30 hadi 45, na umhudumie wa mwisho, baada ya wale wa zamani, kisha unawe mikono. Ukimpata daktari wa mifugo, mpelekee kinyesi akipime. Muda huo ukiisha, weka matundu mawili yatazamane, lakini acha shibiri moja kati yake, maana kidole huumwa hata kupitia waya. Waache wasikiane na kuonana kwa wiki mbili hivi. Kisha wakutanishe mahali ambapo si kwa mmoja wao: chumba kilichofungwa madirisha na kuzimwa feni, au banda ambalo wote ni wageni. Ukimwingiza mgeni katika tundu la mwenyeji, umemwingiza vitani. Vyombo vya chakula na maji viwe vingi kuliko idadi ya ndege na vikae mbalimbali, kwa kuwa mnyonge hufa njaa mbele ya chakula kilicholindwa. Vijiti vya juu viwe viwili au zaidi kwa urefu uleule, kwani kila ndege hutaka kulala juu.

Hata ukifanya yote haya, cherero na chiriku mimi siwashauri. Wanaoelewana ni wale wasiogombea kitu kimoja. Kokateli, yule kasuku mwenye kishungi, pamoja na ukubwa wake, ni mpole na mara nyingi huishi vizuri na ndege wadogo wanaokula mbegu, mradi banda ni kubwa. Chiriku hukaa juu wakati kware anaokota chini, ila kware akishtuka huruka wima kama risasi na kupasua kichwa darini, kwa hiyo dari iwe juu sana au iwekewe kitambaa laini, na mahali pake pasiwe chini ya vijiti vya wenzake, vinginevyo atakula kinyesi chao.

Miezi ya kwanza, mpime mdogo wao kwa mizani ya jikoni kila wiki, saa ileile, kabla hajala. Ndege huficha unyonge wake hadi siku ya mwisho, lakini gramu hazifichi. Akianza kupungua, au ukiona hashuki kula mpaka mwenzake aondoke, mrudishe kwenye tundu lake siku hiyohiyo.