Hali ya lango kwenye swichi za seva za bledi

Zunguka nyuma ya kasha la seva za bledi, yaani seva nyembamba zinazochomekwa pamoja kwenye kasha moja, utaona moduli nyembamba zimechomekwa, na kebo chache za faiba zikielekea kwenye swichi za hifadhi. Kasha la IBM BladeCenter H lina nafasi za bledi 14. Kila bledi ikitaka njia mbili za kufikia diski, bila moduli hizo ungevuta kebo 28.

Ugumu ni kwamba moduli hiyo nayo ni swichi kamili. Ukiiunganisha na swichi ya nje, ile ya hifadhi, kwa njia ya kawaida, zinakuwa mtandao mmoja wa Faiba Chaneli, mtandao wa kuunganisha seva na diski, na kila swichi lazima iwe na namba yake ya domeni, kati ya 1 na 239. Namba zikigongana, swichi haziungani. Zoni, yaani orodha za nani anaruhusiwa kuonana na nani, zikipingana, hali ni hiyo hiyo. Swichi zikiwa za kampuni mbili tofauti, jiandae kukesha.

Hali ya lango huondoa mvutano huo. Moduli inaacha kuwa swichi yenye domeni. Mbele ya swichi ya nje inaonekana kama kadi ya seva. Inajisajili yenyewe kwanza, kisha inapitisha usajili wa kila bledi kwenye kebo ileile, na kila bledi inapewa anwani yake. Uwezo huo wa poti moja kubeba anwani nyingi ndio NPIV. Brocade huiita hali hii Access Gateway, Cisco huiita NPV.

Vijana wanaojifunza kazi hapa Tabora huwa nawapa mfano wa reli: Urambo abiria wanapanda, lakini njia panda ya Mwanza na Kigoma iko Tabora. Moduli ni Urambo, swichi ya nje ni Tabora.

Kwa hiyo washa NPIV kwenye poti ya swichi ya nje kabla ya lolote, la sivyo bledi hazitaona diski. Zoni andika huko nje, kwa WWN ya bledi yenyewe, jina lake la kudumu kwenye mtandao huu, zile tarakimu 16. Wengi hunakili ya moduli wakapoteza siku nzima. Hifadhi mipangilio ya zamani pia, maana kwenye Brocade kubadili hali hufuta zoni na kuiwasha upya swichi.

Ukimaliza, fungua orodha ya waliojisajili kwenye swichi ya nje. Poti moja inapaswa kuonyesha WWN kadhaa: ya moduli, kisha za bledi zake.