Rangi tatu, bega moja: fundi anaona nini katika mavazi ya Sape

Katika kanuni zote za Sape, utamaduni wa Kikongo wa kuvaa kitanashati, ninayoipenda zaidi ni ya rangi: toka kofia hadi kiatu, zisizidi tatu. Watu hushangaa, kwa sababu picha za mavazi hayo zinazosambaa mitandaoni zimejaa waridi, njano na kijani, na mtazamaji hudhani mtu amevaa alichokiokota. Hebu hesabu. Koti na suruali ya waridi ni rangi moja, shati jeupe ni ya pili, halafu tai, soksi na leso ya mfukoni vinagawana nyekundu ileile. Ukitia ya nne, jicho linakosa pa kutua. Huo ni uchoraji kabisa, ila umefanywa juu ya mwili wa mtu anayetembea.

Sape ni ya Brazzaville na Kinshasa, miji miwili inayotazamana kwa Mto Kongo katikati. Kwa Kifaransa kirefu chake ni Société des Ambianceurs et des Personnes Élégantes, chama cha wachangamshaji na watanashati. Wengi wao ni watu wa kipato cha kawaida, na wapo wanaowalaumu kwamba fedha ya watoto inaishia kwenye viatu. Lawama hiyo siipuuzi. Ila haitoshi kueleza kwa nini mtu huyohuyo akivaa koti la mtumba lililorekebishwa vizuri bado anaheshimiwa na wenzake.

Mimi nashona suti, kwa hiyo jicho langu huanzia begani. Bega likizidi sentimita moja tu, mkono wa koti unalegea pale unapoungana na mwili, na koti zima linaonekana la kuazima. Kisha naangalia kifundo cha mguu. Suruali ikiwa ndefu inajikunja juu ya kiatu na kuifunika soksi, na ile rangi ya tatu iliyotafutwa kwa shida imepotea. Bitana nayo ina kazi yake: mwana-Sape hulifungua koti makusudi anapogeuka, kwa hiyo ndani kunastahili kitambaa kilichochaguliwa, siyo kile cha kijivu tunachobandika mafundi wengi kwa mazoea.

Miji hiyo miwili haivai sawa. Mtaa wa Bacongo, Brazzaville, unapenda suti iliyokatwa kufuata mwili. Kinshasa wanathubutu zaidi, na wengi wamewapenda wabunifu wa Japani kama Yohji Yamamoto, ambaye nguo zake ni pana na huning'inia mbali na mwili. Binafsi naona mkato wa Kinshasa ni mgumu zaidi kwa fundi, maana kitambaa kingi kisipopangwa kinakuwa gunia.

Na nguo hizi zilikuwa na maneno ya kusema. Miaka ya 1970, Rais Mobutu alipiga marufuku suti ya Kizungu na tai nchini Zaire, yaani Kongo ya Kinshasa ya leo, wanaume wakatakiwa kuvaa abacost, koti lisilo na tai. Mwanamuziki Papa Wemba, aliyeanzisha bendi ya Viva la Musica mwaka 1977, akapanda jukwaani na mavazi ya Ulaya na vijana wakamfuata. Kufunga tai Kinshasa wakati huo kulikuwa kumjibu rais bila kufungua mdomo. Marufuku iliondolewa tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza vyama vingi. Tarehe hiyohiyo mwaka 2016, Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan na kufariki.

Ukitaka kushonewa kwa mtindo huu, mpelekee fundi wako kiatu kwanza, kabla ya kitambaa. Kivae wakati anakupima, tembea hatua kadhaa mbele yake, ndipo achore mstari wa upindo.