Serikali ya Wingi wa Chama Kimoja: Inavyoundwa na Ukomo Wake

Serikali ya wingi wa chama kimoja ni ile inayoundwa na chama kilichopata zaidi ya nusu ya viti bungeni, kisihitaji kuungana na chama kingine ili kupitisha bajeti na miswada yake. Isichanganywe na mfumo wa chama kimoja uliokuwepo kisheria nchini kwetu Tanzania kuanzia 1965 hadi 1992, kwa kuwa hapa vyama vingine vipo na vinashindania madaraka. Wingi huo huhesabiwa kwa viti, si kwa kura: nchini Uingereza mwaka 2024, chama cha Labour kilipata viti zaidi ya 400 kati ya 650 kwa takriban asilimia 34 tu ya kura.

Kwetu Tanzania, Rais huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, kwa hiyo wingi wa bungeni una uzito zaidi katika kumpata Waziri Mkuu. Ibara ya 51 ya Katiba inamtaka Rais, ndani ya siku 14 tangu ashike madaraka, amteue mbunge wa jimbo anayetokana na chama chenye wabunge wengi zaidi. Chama hicho kisipokuwepo, humteua mbunge anayeelekea kuungwa mkono na walio wengi. Hata hivyo mteuliwa hashiki kiti hadi Bunge limthibitishe. Novemba 2015, hapa Dodoma, bahasha ya Rais ilifikishwa kwa Spika ndani ya ukumbi, jina la Kassim Majaliwa likasomwa, na kura 258 kati ya 351 zikamwafiki.

Uhai wa Bunge ni miaka mitano, lakini Waziri Mkuu hajahakikishiwa miaka hiyo, kwani ibara ya 53A inaruhusu hoja ya kutokuwa na imani naye. Wengi hudhani kwamba chama chenye wingi hakitikisiki. Nionavyo, kipimo chake kikali hutoka kwa wabunge wake chenyewe. Februari 2008, baada ya kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM, chama chenye wingi bungeni, kuwasilisha taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu na Baraza la Mawaziri likavunjwa, ilhali wingi wa CCM ulibaki palepale. Bunge lilelile likamthibitisha Mizengo Pinda, akaongoza shughuli za Serikali kwa muda uliosalia hadi uchaguzi wa 2010.