Je, wajua? Kwa nini Wajerumani wengi wanaitwa Müller

Fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1974, jijini Munich: Gerd Müller anageuka ndani ya boksi, anaisukumia Uholanzi bao la pili, na Ujerumani Magharibi inabeba kombe kwa 2-1. Miaka miwili baadaye, nusu fainali ya Mataifa ya Ulaya dhidi ya Yugoslavia, anatokea benchi kijana anayeichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza, anafunga mabao matatu. Anaitwa Dieter Müller. Mwaka 2010 Afrika Kusini, kiatu cha dhahabu kinakwenda kwa Thomas Müller. Ungedhani ni babu, baba na mjukuu, lakini watatu hao hawana undugu wowote. Huyo wa katikati hata alizaliwa akiitwa Dieter Kaster, Müller akalipata baadaye.

Müller ndilo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi Ujerumani, na Uswisi pia. Kati ya majirani wanaozungumza Kijerumani, Waaustria ndio waliojitenga: kwao anayeongoza ni Gruber. Maana ya Müller haina fumbo. Ni mtu anayeendesha kinu cha kusaga nafaka. Fumbo liko kwingine. Wajerumani wa zama za kati karibu wote walikuwa wakulima, na kijiji chenye mamia ya watu kilitosheka na kinu kimoja. Sasa imekuwaje wenye vinu, waliokuwa wachache, wakawapita wakulima kwa majina?

Jibu ni kwamba walipita kwa sababu walikuwa wachache. Hadi karne ya 12 Wajerumani wengi walikuwa na jina moja tu. Miji ilipokua, na kila mtaa ukawa na akina Johannes na Heinrich kibao, makarani wa kodi na wa mirathi walihitaji kitu cha kuongeza ili wajue ni Heinrich yupi. Wakachukua jina la baba, mahali mtu alikotoka, umbo lake au kazi yake. Jina la namna hiyo lina faida pale tu linapotofautisha. Katika kijiji cha wakulima arobaini, kumwita mtu "Hans mkulima" hakumsaidii karani hata kidogo. Lakini "Hans wa kinuni" hakuna asiyemjua. Na kwa kuwa karibu kila kijiji kilikuwa na kinu chake, jina hilohilo lilizaliwa upya mara maelfu, mahali mbalimbali, bila wenyewe kujuana. Ndiyo maana familia za Müller hazina babu mmoja. Bauer, yaani mkulima, yupo kwenye orodha, ila yuko nyuma. Wanaomfuata Müller kwa karibu ni mafundi wa aina yake: Schmidt mhunzi, Schneider fundi cherehani, Fischer mvuvi, Weber mfumaji.

Mwenye kinu alikuwa na jambo jingine lililomtofautisha na mhunzi. Kwake ulikwenda upende usipende. Katika sehemu nyingi bwana mwenye ardhi aliwalazimisha wakulima wake kusaga kwenye kinu fulani tu, na kupeleka gunia kwa mwingine lilikuwa kosa. Utaratibu huo uliendelea kwa karne nyingi, na mabaki yake yalifutwa katika karne ya 19. Mwenye kinu hakulipwa fedha, bali alichota kipimo chake kwenye nafaka ya mteja, kama tulivyokuwa tukipimiana kwa kibaba na pishi. Nani alijua amechota mara ngapi? Unga ukishatoka huwezi kuurudisha kuwa ngano ukahesabu. Basi sifa ya wizi ikamganda. Watani walisema korongo hajengi kiota juu ya paa la kinu kwa kuogopa mayai yake yataibiwa.

Utani huo ulikuwa na makali. Katika baadhi ya sehemu mwenye kinu alitakiwa kutoa ngazi ya kupandia kwenye mti wa kunyongea wahalifu, na vyama vya mafundi vilikataa kuwapokea watoto wake wajifunze ufundi. Ilibidi sheria za dola katika karne ya 16 zitamke kwamba watoto wa wenye vinu, wafumaji wa kitani na wachunga kondoo ni watu wenye heshima kama wengine. Wakati huohuo kinu chenyewe kililindwa kama mahali patakatifu: Sachsenspiegel, kitabu cha sheria cha karne ya 13, kilimweka anayeiba kinuni pamoja na anayeiba kanisani, na adhabu yake ilikuwa kifo. Kwa maoni yangu hapo ndipo panaeleza kukua kwa jina hili kuliko takwimu yoyote. Mtu anayetegemewa na wote, anayetiliwa shaka na wote, na anayeishi peke yake pembeni mwa mto, lazima atajwe kila siku.

Neno lenyewe si la Kijerumani kwa asili. Wajerumani wa kale walisaga kwa mawe ya mkono. Kinu kinachozungushwa na maji kilikuja na Warumi, kikaja na jina lake la Kilatini, molina, na kutoka hapo wakapata Mühle, kinu, na Müller, mwenyewe. Kaskazini, kwa lafudhi ya huko, akawa Möller. Kusini, ambako baadhi ya watu hutamka ü kama i, akawa Miller. Wasomi waliopenda kujipamba kwa Kilatini wakajiita Molitor. Mmoja alilikimbia jina kabisa: mwanahisabati na mnajimu Johannes Müller wa karne ya 15, mzaliwa wa mji wa Königsberg huko Franken, anajulikana duniani kama Regiomontanus, jina lililotokana na mji wake.

Hata hivyo Müller amebahatika katika tahajia, kwa kuwa wengi wameliandika vilevile. Schmidt aligawanyika akawa pia Schmitt, Schmitz na Schmid. Ukiwarudisha wote nyumba moja, wanampita Müller. Meyer naye ana sura nyingi: Meier, Maier, Mayer. Kwa hiyo ubingwa wa Müller, kwa sehemu, ni wa makarani waliokubaliana namna ya kuandika.

Wahamiaji waliofika Marekani waliachana na zile nukta mbili juu ya u. Wengi wakawa Miller, wengine Mueller, kama Robert Mueller aliyeongoza FBI kuanzia 2001 hadi 2013.

Kwetu Afrika Mashariki, jina hili limepita karibu kuliko tunavyokumbuka. Tarehe 28 Juni 1919, mkataba wa Versailles, ambao kwao Ujerumani iliachia makoloni yake yote, ikiwemo Afrika Mashariki ya Kijerumani, ulitiwa saini kwa upande wa Ujerumani na watu wawili. Mmoja alikuwa waziri wa mambo ya nje, Hermann Müller. Tanganyika ikaanza safari nyingine chini ya Waingereza. Kisha kuna Paul Müller wa Uswisi, aliyepewa Nobel ya tiba mwaka 1948 kwa kugundua uwezo wa DDT wa kuua wadudu, dawa iliyopulizwa majumbani kupambana na mbu wa malaria na baadaye ikazua mabishano makubwa ya mazingira. Mswisi mwingine, Alex Müller, alishiriki Nobel ya fizikia mwaka 1987. Herta Müller, mwandishi aliyezaliwa katika jamii ya Wajerumani wa Romania, alipata ya fasihi mwaka 2009.

Wingi huo una usumbufu wake. Bungeni akina Müller walikuwa wengi kiasi kwamba huyo Hermann, ambaye baadaye alikuwa Kansela mara mbili, aliitwa Müller-Franken, kwa jimbo alilowakilisha. Raia wa kawaida hutumia ndoa: Müller akioa au kuolewa na mwenye jina la nadra, wengi huona afadhali kuchukua hilo la nadra au kuyaunganisha mawili kwa kistari. Zamani ni mmoja tu wa wanandoa aliyeruhusiwa kubeba jina la kuunganisha. Tangu tarehe 1 Mei 2025 sheria inawaruhusu wote wawili, na watoto wao pia.