Sahara Magharibi: yanayosemwa vijiweni na yaliyomo kwenye kumbukumbu

Sahara Magharibi, koloni la zamani la Hispania kusini mwa Moroko, ikitajwa kwenye habari, ubishi wetu huanza na kuishia kwenye swali moja tu: ardhi ile ni ya nani, Moroko au wenyeji wake, Wasaharawi? Swali ni zito, na halijapata jibu tangu Hispania ilipofungasha virago Februari 1976. Tatizo ni kwamba limegeuka kichaka cha kujifichia. Mtu akiteswa mahabusu au akizuiwa kutoka nyumbani kwake, anaambiwa asubiri kwanza hilo liamuliwe. Wanaotaka dunia ichukue hatua nao hukwama hapo hapo, kwa sababu wanabeba dhana ambazo hazina msingi.

"Mpaka umiliki uamuliwe, hakuna wa kumdai"

Anayeshika funguo za jela ndiye anayedaiwa. Sheria ya kimataifa haimwombi mfungwa alete hati ya ardhi kabla ya kulalamika kwamba amepigwa.

Mfano ni kesi ya Naâma Asfari, mwanaharakati wa Kisaharawi. Mwaka 2010 maelfu ya Wasaharawi walipiga mahema Gdeim Izik, nje kidogo ya Laayoune, mji mkuu wa eneo hilo, wakilalamikia ajira, makazi na ubaguzi. Tarehe 8 Novemba vikosi vya Moroko viliivunja kambi hiyo. Askari 11 na raia 2 waliuawa katika vurugu zilizofuata. Familia za askari hao zina haki ya kuona waliowaua wakihukumiwa, na sijui mtu makini anayelipinga hilo. Lakini walioshtakiwa, Asfari akiwemo, walipelekwa mahakama ya kijeshi, na mwaka 2013 Asfari akahukumiwa miaka 30, huku akisema kwamba alisainishwa maungamo baada ya kuteswa. Mwishoni mwa 2016 Kamati ya Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso ikaamua kwamba Moroko ilikuwa imekiuka Mkataba Dhidi ya Mateso, mkataba ambao iliuridhia yenyewe. Kamati haikuhitaji kuamua Laayoune ni ya nani. Moroko ilirudia kesi mbele ya mahakama ya kiraia mwaka 2017, na adhabu nyingi, pamoja na ya Asfari, zikabaki vile vile.

"Umoja wa Mataifa upo pale, unajionea wenyewe"

Dhana hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa inawapumzisha watu wasidai kitu ambacho hakipo.

Ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MINURSO, uliundwa Aprili 1991 kwa azimio namba 690. Kazi yake ilikuwa kusimamia usitishaji vita kati ya Moroko na Polisario, chama cha Wasaharawi kinachopigania uhuru, na kuandaa kura ya maoni, ambayo ilipangwa kufanyika mapema 1992 na haijafanyika hadi leo, kwa sababu pande mbili hazikukubaliana nani ana haki ya kupiga kura. Kufuatilia haki za binadamu hakumo katika majukumu yake. Mwangalizi wa MINURSO anaweza kupanda gari hadi kwenye ukuta wa mchanga wa kilomita zipatazo 2,700 uliojengwa na jeshi la Moroko, akahesabu ukiukaji wa usitishaji vita. Kuingia kituo cha polisi kuuliza nani amekamatwa jana si kazi aliyotumwa.

Aprili 2013 Marekani ilipendekeza jukumu hilo liongezwe. Moroko ikafuta mazoezi ya kijeshi ya pamoja na Wamarekani, Ufaransa haikuonyesha shauku, na pendekezo likaondolewa kimya kimya. Na siyo kwamba kuna mwingine anayeifanya kazi hiyo: Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu haijaruhusiwa kuingia eneo hilo tangu 2015, jambo ambalo Katibu Mkuu hulirudia katika ripoti zake kwa Baraza la Usalama. Kwa hiyo ombi la maana kwa jumuiya ya kimataifa si lile la jumla la "fanyeni kitu". Ni mawili mahususi: waangalizi wa haki za binadamu waongezwe kwenye MINURSO, na Ofisi ya Kamishna Mkuu ifunguliwe mlango.

"Si kuna mahakama Arusha? Wakashitaki pale"

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Moroko ilirudi Umoja wa Afrika Januari 2017, miaka 33 baada ya kususa kwa sababu Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara, iliyotangazwa na Polisario, ilikuwa imepewa kiti. Ilirudi bila kuridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Bila mkataba huo, huwezi kuifikisha Moroko mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Banjul, wala Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha.

Mwanasiasa wa Ghana, Bernard Mornah, akajaribu kupita uani. Alizishtaki nchi nane ambazo wakati huo zilikuwa zimeruhusu watu binafsi kwenda mahakamani hapo, Tanzania ikiwemo, akidai kwamba kwa kuipokea Moroko zilikuwa zimewatupa Wasaharawi. Hukumu ilitoka 22 Septemba 2022. Mahakama haikuzikuta nchi hizo na hatia. Hata hivyo ilisema wazi kwamba Moroko inaendelea kulikalia eneo hilo, kwamba hali hiyo haipatani na haki ya watu kujiamulia mambo yao, na kwamba nchi zote zina wajibu wa kusaidia haki hiyo ipatikane. Ni maneno mazito kutoka jengo lililopo Arusha, na ni Watanzania wachache wanaojua kwamba yalitamkwa. Kwa masikitiko, Novemba 2019 Tanzania ilikuwa imekwishatangaza kuondoa ruhusa ya watu binafsi kuishtaki, kwa hiyo njia aliyoitumia Mornah haipo tena kwetu.

"Ukiwatetea, wewe ni wa Polisario na Algeria"

Shutuma hii ina dawa moja: usichague waathirika. Katika kambi za wakimbizi wa Kisaharawi karibu na Tindouf, nchini Algeria, ambako Umoja wa Mataifa ulikadiria watu 173,600 mwaka 2018, Polisario ndiyo yenye madaraka na Algeria ndiyo mwenye nyumba. Mwaka 2019 wakosoaji watatu wa Polisario waliwekwa kizuizini huko. Kabla ya hapo, chama hicho kilishikilia wafungwa wa kivita wa Moroko hata baada ya vita kukoma, wengine kwa zaidi ya miaka 20, na 404 wa mwisho wakaachiwa Agosti 2005. Rufaa inayoyataja hayo pia haidhoofiki. Inakuwa vigumu zaidi kuitupa kapuni.

Ile kauli kwamba ni Waislamu kwa Waislamu, tuwaache wamalizane, sitaipotezea muda. Aliyefungwa ni Mwislamu pia.

"Barua na maombi hayamtoi mtu popote"

Novemba 2009 mwanaharakati wa Kisaharawi Aminatou Haidar, ambaye alikuwa ametoweshwa kati ya 1987 na 1991, alizuiwa kuingia Laayoune na kurudishwa kwa ndege hadi Lanzarote, kisiwa cha Hispania. Aligoma kula kwenye uwanja wa ndege wa huko kwa siku 32. Maombi yakamiminika, Hispania, Ufaransa na Marekani zikaingilia kati, na Desemba akarudi nyumbani kwake.

Njia nyingine imepita kwenye biashara. Mwaka 2017 meli NM Cherry Blossom, ikiwa na takriban tani 50,000 za fosfeti ya Sahara, ilizuiliwa Port Elizabeth, na mwaka uliofuata mahakama ya Afrika Kusini ikasema mzigo ni wa Wasaharawi. Tarehe 4 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikathibitisha kubatilishwa kwa mikataba ya samaki na mazao kati ya Ulaya na Moroko, kwa kuwa wenyeji hawakuridhia.

Kinachoua rufaa ni utiaji chumvi. Wataalamu huru wa Umoja wa Mataifa hupokea taarifa hata kabla mwathirika hajamaliza ngazi za mahakama za nchini, lakini wanataka jina, tarehe, mahali, nani alifanya, na ridhaa ya mwathirika au familia yake. Neno "mauaji ya kimbari" lililochomekwa bila ushahidi hulichafua hata lile tukio lililothibitishwa.

"Azimio la 2025 limemaliza mjadala"

Tarehe 31 Oktoba 2025 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2797, kura 11 za ndiyo, Urusi, China na Pakistan zikijizuia, Algeria ikikataa kushiriki kura. Linauchukua mpango wa Moroko wa mamlaka ya ndani, yaani eneo lijiendeshe lakini chini ya Moroko, kuwa msingi wa mazungumzo. Kenya ilikuwa imeshaegemea huko miezi mitano kabla, ingawa ilikuwa imeitambua jamhuri ya Wasaharawi tangu 2005. Unaweza kuuona mpango huo kuwa wa busara au kuwa kujisalimisha, wasomi wamegawanyika. Lakini azimio hilo liliiongezea MINURSO muda hadi 31 Oktoba 2026, na kwa mara nyingine halikuipa jukumu la kufuatilia haki za binadamu.