Kisanduku Kando ya Njia, Ua Palepale Lilipoota

Kwenye mbuga za nyasi ndefu za Illinois, Marekani, huota mmea wa maua ya njano, Silphium laciniatum. Majani yake ya chini husimama wima, kingo zikitazama kaskazini na kusini. Ndiyo maana ukaitwa mmea wa dira. Mwambie mgeni alinganishe mshale wa dira kwenye simu yake na jani hilo. Atainama mwenyewe, bila kuhubiriwa.

Jiokeshingi, mchezo wa kusaka visanduku kwa GPS (mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo), hufundisha kwa namna hiyo. Mchezo ulianza Oregon mwezi Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kupunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Mtu huficha kisanduku na kutangaza latitudo na longitudo. Wengine hukisaka, hutia jina daftarini na kukirudisha.

Illinois ilikuwa na ekari zipatazo milioni 22 za mbuga hizi. Mwaka 1837 John Deere alitengeneza plau ya feleji isiyong'ang'aniwa na udongo ule mzito, na mashamba yakazimeza. Mabaki ya asili leo hayafiki asilimia moja. Mengine yamo makaburini na kandokando ya reli.

Humo ndimo unamopatikana mmea uitwao Asclepias meadii, unaolindwa kisheria tangu 1988. Unahitaji chavua ya mmea mwingine wenye nasaba tofauti, lakini nyasi zikikatwa kila mwaka kabla mbegu hazijakomaa, unabaki kuchipua kwa mashina ya ardhini tu. Unaona machipukizi kumi, kumbe ni mmea mmoja, tasa. Ningelifundisha hili kwa vijiti kumi vilivyofungwa kamba moja chini ya majani: mgeni avihesabu, kisha aivute kamba.

Vijiti, wala si mmea wenyewe. Hapa sina mzaha hata kidogo. Okidi nyeupe Platanthera leucophaea, inayochavushwa na nondo usiku, ina wezi wake, na hata nyayo za wapenzi wake huikanyaga. Usitangaze kamwe mahali ilipo. Omba kibali cha msimamizi wa eneo, weka kisanduku pembeni mwa njia inayopitwa na watu, na usichimbe.

Tena muulize msimamizi huyo tarehe za kuchoma nyasi. Mbuga hizi huchomwa kwa mpango ili miti isizivamie, na kisanduku cha plastiki kikisahaulika humo, kitayeyukia juu ya mizizi ileile uliyokuja kuilinda.