"He be working" si Kiingereza kibovu

Wengi wakimsikia Mmarekani Mweusi akisema "he be working" hudhani hajui sarufi. Anaijua sana. Hiyo "be" ni ya mazoea, ndugu wa "hu-" yetu: hufanya kazi, si anafanya kazi sasa hivi. Ukiitumia kwa jambo la dakika hii, wenyewe watakushtukia kuwa si wa kwao.

Desemba 1996 bodi ya shule za Oakland, California, ilipoitambua lahaja hiyo ya Wamarekani Weusi, ilidhihakiwa nchi nzima. Januari 1997 Chama cha Isimu cha Marekani kikathibitisha kwamba ina kanuni zake.

Lakini kanuni haziajiri mtu. Sentensi inayomfanya awe mwenzao kanisani au kwa kinyozi huweza kumponza mbele ya mwajiri, maana mizani ameishika mwenye lafudhi nyingine.